Ufunguo wa gati: Tanzania na Kongo, tangu Ujiji ya ushanga hadi reli ya kisasa

Shikamooni wazee wangu. Ndugu mawakala wa forodha, akina mama na akina baba mnaopakia Kibirizi, vijana mliotoka vyuoni, karibuni.

Mada niliyopewa ni historia ya uhusiano wa Tanzania na Kongo, wa kiserikali na wa kibiashara. Mada ya namna hii mara nyingi huanzia ikulu: nani alimtembelea nani, nani aliweka saini, nani alipigiwa mizinga. Leo tuanzie gatini. Hapa Kigoma uhusiano huu umekuwa ukipimwa kwa swali moja: mzigo wa Kongo ukipita kwetu, ufunguo anashika nani? Nani anafungua ghala, nani anapanga tozo, nani analipa mali ikiharibika? Bendera zimebadilika pande zote mbili, nchi ya ng'ambo imebadili jina zaidi ya mara moja, lakini kila mara wakubwa walipogombana au kupatana, ugomvi na mapatano yao yalikuwa juu ya ufunguo huo.

Njia yenyewe ni kongwe kuliko nchi zote mbili. Ilitoka Bagamoyo, ikapumzika Unyanyembe, hapo ilipo Tabora ya leo, ikashuka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika kuingia Manyema, mashariki ya Kongo, hadi Kasongo na Nyangwe. Kwenda bara zilibebwa nguo za merikani na kaniki, ushanga, waya wa shaba, bunduki na baruti. Kurudi pwani zilikuja pembe za ndovu na, tusipepese macho, binadamu waliofungwa minyororo. Wamanyema wa Ujiji wana mizizi yao ng'ambo. Wengine walikuja kwa hiari, wengine walivushwa kwa nguvu. Sokoni Ujiji ushanga ulikuwa fedha kamili. Ule ulioitwa sofi, vipande vifupi kama vya bua lililokatwakatwa, ndio ulionunua samaki, mawese na chumvi ya Uvinza. Mfanyabiashara aliyefika na ushanga wa rangi isiyotakiwa msimu ule alikuwa kama mtu mwenye noti zilizofutwa: mzigo anao, chakula hapati.

Njiani kote alilipa hongo. Neno hili leo linampeleka mtu mahakamani, lakini wakati ule lilikuwa na maana ya heshima zake: ushuru wa kupita katika nchi ya mtemi, ukiambatana na ahadi ya usalama na maji ya kunywa. Ukilipa, unapita. Ukitaka kupita bure, au ukimlipa mtu asiye mwenye njia, unajitafutia balaa. Kuanzia 1871 Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, na Waarabu wa Unyanyembe walipigana kwa miaka kadhaa, na sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa hiyo: nani ana haki ya kutoza njia ya Ujiji. Njia ikafungwa, pembe zikalala Ujiji, bidhaa za pwani zikaadimika. Hiyo ndiyo mara ya kwanza tunayoijua vizuri ambapo biashara ya ng'ambo ilikwama kwa sababu ya mgogoro wa upande huu wa ziwa. Haikuwa ya mwisho.

Ng'ambo nako mambo yakageuka. Mwaka 1887 mfalme Leopold wa Ubelgiji alimfanya Tippu Tip kuwa wali, gavana, wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya sasa. Ulikuwa mkataba wa ajabu: mfanyabiashara wa Zanzibar akitawala kwa niaba ya mfalme wa Ulaya katika ardhi ambayo hakuna kati yao aliyezaliwa. Haukudumu. Kati ya 1892 na 1894 majeshi ya Leopold yaliwapiga Waarabu na Waswahili wa Manyema, na mwaka 1898 reli kutoka Matadi ikafika Leopoldville, Kinshasa ya leo. Hapo pembe na mpira wa Kongo vikaanza kutokea magharibi, kwa mto na kwa reli. Ujiji haikuuawa na vita peke yake. Iliuawa na nauli. Mpagazi anabeba kilo 30 hivi na anakula kila siku ya safari, na garimoshi hushindani nalo kwa miguu.

Wajerumani waliliona hilo. Reli ya Kati waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912, ikafika hapa Kigoma tarehe 1 Februari 1914, kilomita 1,252 kutoka baharini. Lengo lilikuwa kuirudisha biashara ya Kongo mashariki. Wabelgiji nao walikuwa wakijenga yao kutoka Kabalo kwenye mto Lualaba hadi ziwani, mahali walipopaita Albertville na sisi tunapaita Kalemie. Ikafika mwaka 1915. Kwa hiyo reli mbili zilisimama zikitazamana kuvuka maji, kila moja ikimngoja mwenzake, na kati yake ikaingia vita.

Habari za Liemba mnazijua, nitapita haraka: meli iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa masanduku hadi hapa, ikaelea 1915 ikiitwa Graf von Götzen, na mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isitekwe. Kinachotuhusu zaidi leo ni kilichofuata. Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Kongo ya Wabelgiji yaliingia Kigoma, na tarehe 19 Septemba yakaingia Tabora. Maofisa walikuwa Wabelgiji, lakini waliotembea kwa miguu, na waliobeba mizigo yao, walikuwa Waafrika. Kigoma ikakaa chini ya Wabelgiji hadi Machi 1921. Wazee wakisema mji huu uliwahi kutawaliwa kutoka ng'ambo hawapigi chuku. Kwa karibu miaka mitano ilikuwa hivyo.

Ubelgiji ilikubali kuondoka, lakini haikuondoka mikono mitupu. Kwanza ilibaki na Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo, kwa mapatano ya 1919 na Uingereza. Pili ikapata kitu ambacho wengi wetu tunakipita kila siku bila kujua uzito wake.

Tarehe 15 Machi 1921, mjini London, Uingereza na Ubelgiji zilisaini mkataba wa kurahisisha usafiri wa Wabelgiji kupitia Afrika Mashariki. Uangalieni vizuri, maana ndio kiini cha mazungumzo haya. Mkataba ulisema watu na mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite bure, bila ushuru wa forodha; kinacholipwa ni huduma tu, kama nauli ya reli na kazi ya kupakia. Ulisema nauli hiyo isiwe ya kibaguzi dhidi ya mzigo wa Wabelgiji. Kisha ukatoa viwanja viwili, kimoja bandari ya Dar es Salaam na kimoja hapa Kigoma, vipangishwe kwa Ubelgiji milele, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Viwanja hivyo ndivyo vilivyoitwa Belbase.

Faranga moja kwa mwaka, milele. Kutoka 1921 hadi tunapata uhuru mwaka 1961 ni faranga 40 kwa kila kiwanja. Mtu anaweza kucheka, lakini kodi ndogo namna hiyo huwekwa kwa makusudi. Katika sheria za upangaji, kodi ya senti moja ni ushahidi kwamba mwenye nyumba bado yupo na mpangaji anakiri kuwa ni mpangaji. Haikuwekwa ili ilete pato. Pato lilikuwa kwenye reli: kila tani ya kahawa ya Burundi iliyoshuka kutoka ziwani kwenda Dar es Salaam ililipa nauli ya kilomita 1,252 kwa shirika la reli la Waingereza. Uingereza ilitoa gati ili ipate mzigo wa reli. Kibiashara haikuwa hesabu mbaya.

Ndani ya kiwanja kazi ilikwenda hivi. Meli ya Mbelgiji inatoka Albertville au Usumbura, Bujumbura ya leo, inafunga kwenye gati ya Belbase, mzigo unaingia ghala la Belbase, unapakiwa kwenye behewa, behewa linafungwa, linakwenda hadi kiwanja kingine cha Belbase Dar es Salaam, unapakiwa melini. Kwa macho ya forodha ni kana kwamba haujawahi kuingia Tanganyika. Mwaka 1951 yalifanywa makubaliano mengine yaliyohamisha kiwanja cha Dar es Salaam ili kiende na upanuzi wa bandari ile. Sharti la umilele halikuguswa.

Sasa tufike mwaka 1961. Tarehe 30 Novemba, siku tisa kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alisimama bungeni na kusema Tanganyika huru haitajifunga na upangaji huo. Hoja yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya kisheria, na wanasheria wa dunia wanaifundisha mpaka leo. Uingereza haikuwa mmiliki wa Tanganyika. Ilikabidhiwa nchi hii na Shirikisho la Mataifa, baadaye Umoja wa Mataifa, iisimamie kwa muda. Mlinzi wa shamba anaweza kukodisha trekta kwa msimu mmoja. Hawezi kupangisha kona ya shamba milele, kwa sababu yeye mwenyewe hatakuwepo milele. Mwenye haki ya muda hawezi kutoa haki isiyo na mwisho.

Angalieni pia ambacho hakukisema. Hakusema mzigo wa Kongo usipite. Alisema tuko tayari kuwahudumia majirani, kwa masharti mapya tutakayokubaliana. Alitenganisha haki ya kupita na haki ya kushika ufunguo. Ya kwanza akaiacha mezani, ya pili akairudisha nyumbani.

Mwezi huohuo wa uhuru serikali ikaupanua msimamo huo ukawa wa mikataba yote ya nchi mbilimbili: Tanganyika itaendelea kuiheshimu kwa miaka miwili tangu uhuru, yaani hadi tarehe 8 Desemba 1963, na ndani ya muda huo kila mmoja utazungumzwa upya. Usiofikiwa mwafaka utahesabiwa umekwisha, isipokuwa kama sheria ya kimataifa yenyewe inaubakiza. Nchi nyingine zilizopata uhuru baadaye zilifuata njia hiyo kwa namna zao, Uganda na Kenya zikiwemo. Fundisho la Nyerere, kama linavyoitwa, lilichochewa kwa sehemu kubwa na kiwanja cha bandari hapa Kigoma na mwenzake wa Dar es Salaam. Kijana wa sheria anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali.

Kulikuwa na fundo lingine. Mpangaji kwenye karatasi alikuwa Ubelgiji, lakini mzigo ulikuwa wa nchi tatu. Kongo ilikuwa imepata uhuru Juni 1960. Rwanda na Burundi zikapata Julai 1962. Nani alirithi kiti cha mpangaji? Mmoja, wote watatu, au hakuna? Hapo ndipo mazungumzo yalipochukua muda, na wakati yakiendelea makontrakta walewale waliendelea kupakia na kushusha, kwa sababu kahawa haisubiri wanasheria.

Na Kongo yenyewe ilikuwa inawaka. Baada ya Lumumba, waziri mkuu wake wa kwanza, kuuawa Januari 1961, na hasa Tshombe, aliyekuwa ameitenga Katanga, alipofanywa waziri mkuu mwaka 1964, serikali ya Dar es Salaam na ile ya Leopoldville hazikuwa zikisalimiana. Waasi wa mashariki ya Kongo walipata mlango kwetu. Aprili 1965 Che Guevara, mwanamapinduzi wa Kuba, alivuka kutoka hapa Kigoma kwenda kupigana ng'ambo, akarudi Novemba akiwa ameshindwa. Siku chache baada ya kurudi kwake Mobutu alitwaa madaraka. Gati lilelile lililojengwa kwa ajili ya pamba na kahawa lilikuwa limepitisha bunduki, na Kinshasa haikusahau haraka. Mwaka 1975 ikaja zamu yetu kuonja: watu wenye silaha wa kundi la Laurent Kabila walivuka usiku wakateka wanafunzi wanne wa utafiti pale Gombe. Wote waliachiwa hatimaye, lakini ilionekana wazi kwamba maji yanayobeba dagaa hubeba na mengine. Huyohuyo Kabila akawa rais Mei 1997, na uhusiano ukachukua sura tofauti kabisa, maana sasa Kinshasa ilikuwa na viongozi waliokula ugali wa Dar es Salaam. Mwaka 2013 majeshi yetu, pamoja na ya Afrika Kusini na Malawi, yakaingia Kivu katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichosaidia kuwaondoa waasi wa M23 wa wakati ule.

Niruhusuni nichepuke kidogo kwa Burundi, kwa sababu mfano wake unaeleza gati kuliko wowote. Mwaka 1973 ndege za Burundi zilishambulia vijiji vya mpakani mkoani hapa, zikiwawinda wakimbizi wa mauaji ya 1972. Makuli wakagoma kugusa mzigo wa Burundi. Nchi isiyo na bahari, kahawa yake imelala ghalani, haina kiburi cha muda mrefu. Mobutu akawa mpatanishi, Burundi ikakubali makosa. Miaka ishirini na mitatu baadaye, baada ya mapinduzi ya Julai 1996, majirani waliokutana Arusha waliiwekea Burundi vikwazo vya biashara vilivyodumu hadi Januari 1999. Safari hii ufunguo ulizungushwa na marais. Matokeo hayakuwa safi kama ya makuli: wenye uwezo walipitisha mafuta kwa njia za panya na kupandisha bei, mkulima akabaki na kahawa yake.

Turudi Kongo, na turudi kwenye vyuma. Watu huuliza: kama reli iko pande zote mbili, mbona mzigo mwingi wa Kongo unakwenda kwa lori kupitia Tunduma na Zambia, unatuacha sisi tukiangalia maji? Jibu ni la hesabu za kuinua. Chukueni kontena moja la futi ishirini linalokwenda Katanga kupitia hapa. Linainuliwa kutoka melini Dar es Salaam, mara ya kwanza. Linapandishwa kwenye behewa, mara ya pili. Linateremshwa Kigoma, ya tatu. Linaingizwa kwenye tishari, ya nne. Linatolewa Kalemie, ya tano. Linapandishwa behewa la Kongo, ya sita. Linateremshwa linakofika, ya saba. La Tunduma linainuliwa kutoka melini, linawekwa kwenye lori, linateremshwa ghalani kwa mwenyewe: mara tatu. Kila kuinua kuna malipo, kuna foleni, kuna uwezekano wa krini kuharibika. Krini moja ikilala Kalemie, matishari yanajaa hapa, mabehewa yanageuka maghala, na reli inakosa mabehewa ya kurudi Dar es Salaam.

Kwa nini behewa lisivuke lenyewe juu ya pantoni, kama inavyofanyika Ziwa Viktoria? Kwa sababu ya milimita 67. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Ya Kalemie nayo ilikuwa hivyohivyo ilipojengwa. Katikati ya miaka ya 1950 Wabelgiji waliipanua ikawa milimita 1,067, ili iungane na mtandao wa Katanga unaoshuka Zambia hadi kusini mwa Afrika. Kwao ulikuwa uamuzi wa busara. Kwetu ulifunga mlango uliokuwa wazi tangu 1915, bila kelele, bila balozi yeyote kuitwa kujieleza. Reli ya kisasa inayokuja ina upana wa 1,435, kwa hiyo ziwa hili litakuwa na geji tatu, yaani reli za upana wa aina tatu, zikilizunguka.

Maji nayo yana diplomasia yake. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, nao uko Kalemie. Kina cha maji kwenye gati la Kigoma kinategemea mvua, na kinategemea mchanga na magugu yaliyojaa kwenye mlango ulio ndani ya nchi nyingine. Miaka ya 1870 mlango huo ulikuwa umeziba na ziwa likapanda sana. Ulipozibuka mwaka 1878 hivi maji yakashuka kwa mita nyingi. Ndiyo maana pale Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley lazima utembee kabla ya kuona maji. Miaka hii ya karibuni maji yamepanda tena yakaingia magatini Bujumbura, Uvira, Kalemie na huku kwetu. Mkataba wa usimamizi wa ziwa uliosainiwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na nchi zote nne ndio chombo cha kuzungumzia Lukuga. Wafanyabiashara mara nyingi hudhani mkataba ule ni wa samaki na mazingira tu. Hapana. Gati likifunikwa, aliyeathirika ni wewe.

Sasa karatasi, maana hapa ndipo mawakala wengi mnapopotezea fedha.

Hati ya shehena, hiyo mnayoiita bi-eli, lazima itaje mwisho wa safari: Kalemie, au Uvira, kupitia Dar es Salaam na Kigoma. Ikiandikwa Dar es Salaam peke yake, forodha inausoma mzigo kama wa kubaki nchini, na kuirekebisha wakati kontena limeshashuka ni kazi ya siku kadhaa huku gharama za kuhifadhi zikihesabiwa. Kongo inadai hati yake ya kielektroniki, FERI, inayotolewa na OGEFREM, ofisi ya serikali yao inayosimamia mizigo. Iombeni kabla mzigo haujafika, na majina, uzito na idadi ya vifurushi vilingane na bi-eli herufi kwa herufi. Kosa la kawaida ni jina la mpokeaji: muuzaji wa Dubai anaandika kwa Kiingereza, mpokeaji kwao amesajiliwa kwa Kifaransa, na karani wa Kalemie anaona kampuni mbili.

Dhamana ya mzigo wa transiti, yaani unaopita tu nchini, haifutwi kwa sababu umeuona mzigo ukipanda tishari. Inafutwa forodha inapothibitisha kwenye mfumo kwamba mzigo umetoka nchini. Wakala asiyefuatilia uthibitisho huo anajikuta miezi baadaye akidaiwa ushuru wote kana kwamba sukari ile ililiwa hapa mjini Mwanga. Andikeni namba ya lakiri wakati wa kufunga na wakati wa kukabidhi, mbele ya mtu wa upande wa pili, na mpige picha. Lakiri ikiwa na tarakimu moja tofauti, mzigo wote unafunguliwa na kuhesabiwa upya.

Kuhusu Jumuiya ya Afrika Mashariki. Burundi iliingia 1 Julai 2007 na Kongo ilisaini kujiunga tarehe 8 Aprili 2022. Watu wengi wa Kibirizi wanaamini kwamba tangu siku ile ushuru umekwisha. Si hivyo. Kusaini mkataba ni jambo moja. Kuanza kutumia taratibu za Umoja wa Forodha ni jingine, na Kongo inaingia hatua kwa hatua. Kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zisizozidi thamani ya dola 2,000, kipo cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa na forodha mpakani. Kwa Burundi kitumieni. Kwa Kongo ulizeni kwanza upande wa pili watakipokea vipi, na ubalozi wao mdogo uko hapahapa mjini, si safari ya mbali.

Nimalizie na chumvi, bidhaa iliyovuka ziwa hili kabla ya wote niliowataja na inayovuka bado. Mifuko 200 ya kilo 50 ni tani 10. Kontena linalopanda meli baharini tangu Julai 2016 haliruhusiwi bila uzito uliothibitishwa, lakini boti la mbao hapa linapakiwa kwa macho. Chumvi hunyonya unyevu. Ikipangwa moja kwa moja kwenye sakafu ya boti, maji ya chini yanaipata. Mfuko wa juu unafika na kilo 50, wa chini unafika na 53 ukiwa umelowa, na wa chini kabisa umeyeyuka umebaki 45. Mpokeaji wa Kalemie, ambaye kachukua kwa mali kauli, anapima, anaona pungufu, anakata kwenye malipo. Mnaanza kuitana wezi, na hakuna mwizi. Wekeni mbao za chini zenye kimo cha kiganja, turubai lipite chini na juu, mpime mbele ya nahodha, aandike na asaini. Msimu wa upepo wa kusi punguzeni mzigo, maana wimbi la kusini huingia kwa ubavu mnapovuka kwenda magharibi. Kutoka hapa hadi Kalemie ni kilomita 130 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa ni saa 13, na lazima sehemu yake iwe usiku.

Swali la mwisho lililoletwa kwa maandishi linahusu reli ya kisasa na itakavyoligusa gati letu. Kipande cha Tabora hadi Kigoma ni kilomita 506. Kingine cha Uvinza hadi Musongati, Burundi, mkataba wa ujenzi wake ulisainiwa Januari 2025. Kikikamilika, Burundi itakuwa na behewa linalotoka Dar es Salaam bila kugusa ziwa, na nikeli yake itapita Uvinza bila kufika hapa. Kongo ndiyo itakayobaki mteja mkubwa wa gati la Kigoma. Kwa hiyo, mkikutana na wajenzi na watu wa bandari, ulizeni mambo matatu kabla zege halijakauka: chuma cha reli kinaishia ukingoni mwa maji au stesheni? Kama ni stesheni, lori la kati ni la nani, na tozo yake inapangwa na nani? Na kimo cha gati jipya kimepimwa kwa maji ya mwaka gani?